Mkono wa Mzee Twahiri

Kitu cha kwanza mtakachopoteza katika kazi ya ukaguzi wa nyama ni mialiko ya chakula. Nawaambia mapema, nyinyi mnaovaa koti jeupe kwa mara ya kwanza, kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Nilidhani watu watanipenda. Nalinda matumbo yao, nikajisemea, watanipa kiti cha mbele arusini. Kumbe mwenye arusi akikuona umegeuza kipande cha nyama kwenye sahani ya pilau ili ukishike vizuri, basi moyo wake hauko tena kwa bibi arusi. Anadhani unakagua. Nao wageni wa kando yako wanaacha kula, wanangoja wewe umeze kwanza.

Nilifanya kazi hiyo Mombasa miaka ya tisini. Nilikaa Mji wa Kale, chumba kimoja cha chini katika nyumba ya bibi mmoja mjane, mke wangu na watoto wakiwa nyumbani Taita, shambani. Jina langu ni Mwadime, lakini mitaani hawakulitumia. Waliniita Bwana Muhuri, kwa ajili ya ule muhuri wa rangi ya zambarau tuliougonga kwenye nyama iliyofaa kuliwa. Rangi ile haitoki vidoleni. Nilisugua kwa ndimu, nikasugua kwa mafuta ya taa, wapi. Jioni nilipokwenda Mama Ngina, kando ya bahari, kupunga upepo kama watu wengine, wauza mishkaki waliniona kutoka mbali na majiko yakaanza kuhama. Mmoja alivuka barabara na jiko lenye moto, nyama zinachuruzika mafuta, magari yanampigia honi. Sikuwa kazini siku ile. Nilitaka mishkaki miwili na pilipili. Nikala mihogo ya kukaanga, nikarudi chumbani.

Lakini sijaketi kuandika ili mnionee huruma. Kuna kazi ya kujifunza, na mengine hayamo katika vitabu mlivyosoma chuoni, au yamo ila mliyapita mbio.

Msingoje mnyama afe ndipo mwanze kumkagua. Nendeni uani angali hai. Mwangalieni anavyotembea, anavyokunywa maji. Yule aliyejitenga na wenzake, masikio yamelala, pua kavu, mwekeni kando. Waliosafirishwa mbali kwa lori wapumzike na wanywe. Mwenye mali atapiga kelele kwamba bucha zinamngoja, mwacheni apige. Ng'ombe aliyechinjwa akiwa hoi nyama yake huwa nyeusi, hunata kidoleni, na haikai. Aliyechapwa njiani, fimbo zote mtazikuta ngozi ikishatoka, damu imevilia michirizi kwenye mapaja. Mimi nilikuwa nikikata sehemu ile yote na kuitupa mbele ya mwenye mali. Basi kazi ya kuwafundisha wachungaji adabu aliifanya yeye, tena kwa ukali kupita wangu.

Kichwani kata mashavu, pindua ulimi. Pafu lisikudanganye kwa uzuri wa nje, lipapase lote. Paja kubwa ukilitilia shaka, chomeka kisu mpaka karibu na mfupa, kichomoe, ukinuse. Na usifanye kama nilivyofanya wiki yangu ya kwanza. Nilikuwa na hofu ya kupitisha minyoo, nikayakata maini yote vipande vidogo vidogo, hata yale mazima yasiyo na kasoro. Mwenye mali alikuja akayatazama yale maini mezani, akaniuliza kwa upole kama vitunguu nimekuja navyo au atume mtu.

Aliyecheka zaidi siku ile alikuwa mchinjaji mkuu. Nitamwita Mzee Twahiri. Si jina lake, na jamaa zake niliowajua hawapo tena Mombasa, ndiyo maana leo nafungua mdomo. Alikuwa mtu mwembamba wa makamo ya baba yangu, amezaliwa Mji wa Kale, mwenye majivuno ya wazi kabisa kuhusu mkono wake wa kulia. Aliingia kazini na kikoi safi, akatoka nacho safi. Wengine tulitoka pale tumerukiwa damu mpaka nyusi.

Siku ya kwanza kuonana alinigombeza. Nilisimama uani katikati ya ng'ombe, visu vyangu vinaning'inia kiunoni, najiona mkubwa. Sauti ikatoka mlangoni: "We Bwana! Hivyo visu wamuonyesha nani? Ng'ombe hawajui kusoma, lakini mato wanayo!"

Nikavifunika kwa koti wasivione. Yeye kisu chake alikinoa nje ya ukuta, upande wa barabara, ili mnyama asikione wala asisikie kikinolewa. Hakumchinja mmoja mbele ya mwenzake. Hakuruhusu mkia kuzongwa, wala mnyama kuburutwa kwa mguu. Alimpapasa shingoni kwanza, akinong'ona Bismillahi yake, kisha mkono ukapita mara moja tu. Mnyama alikuwa amekwenda kabla hajajua. Mimi chuoni nilifundishwa mambo hayo hayo kwa sababu za kitabibu, yeye aliyapata kwa dini yake na kwa babake. Hatukuwa na ugomvi hapo. Tuligombana kwa mengine: alishikilia kuwa ng'ombe mwenye doa jeupe usoni huwa mtulivu, na aliona mimi naharibu mapafu mengi mno. "Paka wote wa Mji wa Kale wakuapiza," aliniambia.

Kazi ilipokwisha asubuhi tulirudi mjini pamoja, tukakaa kwenye benchi la muuza kahawa karibu na kwangu. Kahawa chungu na tende. Watu wakipita, "Sabalkheri, Mzee Twahiri," naye akijibu na kuuliza habari za nyumba nzima, kisha akinielekezea mkono: "Na huyu mwanangu." Mwana gani, Mtaita Mkristo aliyetoka milimani na buti za mvua. Lakini alisema hivyo kila mara, nao wakanisalimu kwa ajili yake. Ramadhani sahani ya futari ilinifikia chumbani kutoka kwake. Alikuwa mtu pekee katika mji ule aliyeweza kuniwekea chakula mbele yangu na asiutazame uso wangu. Nilimpenda mzee yule, sioni haya kusema.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha.

Kichwa kikishatolewa kinatundikwa kwenye kulabu, na mkaguzi anakuja kukikata mashavu. Hapo ndipo unapoliona kato la shingo, ukitaka au hutaki. Kato la Mzee Twahiri lilikuwa na ukingo mmoja, laini. Ningelijua katikati ya mia. Mwaka mmoja nikaanza kuona ukingo wenye ngazi, kama mkate uliokatwa kwa kisu butu. Kichwa kimoja, nikasema kisu. Wiki nyingine viwili, nikasema washika kamba wamelegeza. Kisha nikaanza kumwangalia tukinywa kahawa. Mzee alimwambia muuzaji asijaze kikombe. Akakishika kwa mikono miwili. Alipoona natazama, akaniuliza kama nataka kukipiga muhuri.

Nilicheka. Chumbani sikucheka. Mnajua maana ya ngazi zile? Kila ngazi ni mnyama aliyehisi. Na kwa Waislamu kuna jambo zaidi: kisu hakinyanyuliwi mpaka kazi iishe. Kikinyanyuliwa na kurudi, watu wataanza kuulizana kama nyama ile ni halali. Mji mzima ulikula kwa mkono wa mzee yule. Hawakuuliza kwa sababu ni yeye.

Katika siku hizo hizo walikuja wageni kutoka ofisi ya juu kutuonyesha kifaa kipya, bastola ya kumgonga ng'ombe kipajini azimie kabla ya kuchinjwa. Walieleza, wakanywa soda, wakaondoka. Kifaa hakikubaki. Ila maneno yalibaki. Mabucha yote yakasema serikali inataka kuondoa wachinjaji, na kwamba aliyewaleta wageni wale ni yule Bwana Muhuri wa bara. Mzee Twahiri aliwakatiza: "Mwanangu hana habari hizo." Yakanyamaza.

Kisha siku moja fahali mwekundu aliinuka. Alikuwa amekatwa, akainuka kwa magoti, kamba zikafyatuka, akalia sauti ambayo hadi leo nikisikia mfano wake kwenye redio nazima. Mzee akamrudia, ikaisha. Aligeuka akamfokea mshika kamba, mtu mzima mwenye watoto wawili, mbele ya watu wote. Msimamizi akamwambia mshika kamba asirudi kesho. Mimi nilikwenda kwenye kulabu nikakitazama kile kichwa na ngazi zake. Kamba haikuwa na kosa.

Nilimfuata mzee kwenye bomba la nyuma, anakoosha kisu. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Mzee," nikasema, "sikuandika neno popote. Nimekuja kwako kwanza."

Akaendelea kuosha. "Nena."

"Shingo za ng'ombe. Nazitazama tangu mfungo uishe."

Mkono wa kulia ulikuwa ukitetema chini ya bomba, na yeye akauweka wa kushoto juu yake, kama mtu anayemtuliza mnyama.

"Wangapi wameona?"

"Mimi tu."

"Basi na ibaki kwako." Akafunga bomba. "Mwadime, watu hawa wakijua, watauliza wamekula nini mwaka huu. Watauliza wamekula nini miaka yote. Babangu alitinda ng'ombe katika mji huu. Jina letu ni hili tu."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. Nikamwambia lazima aache leo, na mshika kamba arudi. Akaitikia kwa kichwa. Nikamwahidi kwamba sababu haitatoka mdomoni mwangu. Ahadi ile niliitoa mwenyewe, hakunilazimisha.

Nilidhani atasema amechoka. Wazee huchoka, nani angeuliza? Lakini mzee alikuwa na majivuno yake, na majivuno hayachoki. Alitoka mpaka langoni, wenye mabucha wamejaa pale wakingoja nyama, akakunja aproni yake mbele yao, akasema kwa sauti: "Mrudisheni yule wa kamba, hana makosa. Mimi naenda zangu. Wenye mihuri wamenena."

Maneno matatu tu hayo ya mwisho. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Watu wote wakanigeukia, na mimi nikatazama buti zangu.

Kama mmezoea watu wanaotukana, hamtaelewa adhabu ya Mji wa Kale. Hakuna aliyenitukana. "Sabalkheri, Bwana." "Sabalkheri." Adabu tele, lakini hakuna kiti. Nilipokaa kwenye benchi la kahawa, wenzangu walimaliza vikombe vyao bila haraka, wakaniaga kwa heshima, wakaondoka mmoja mmoja. Muuzaji alinihudumia mimi na benchi lake tupu. Ramadhani ilifika. Bibi mwenye nyumba aliweka sahani yangu mlangoni siku mbili tatu, kisha naye akaacha, nadhani aliambiwa. Nilisikia vijiko vya nyumba za jirani vikigonga sahani baada ya adhana, nami nimekaa kitandani na mkate. Kazini walinijibu nilichouliza tu. Mkaguzi anaweza kuishi hivyo, kwa kuwa nyama haihitaji maongezi. Nilianza kuzungumza na ng'ombe uani, na nilijigundua mwenyewe nikiwaambia habari za mvua Taita.

Mke wangu alinishauri niombe uhamisho. Nilikuwa na hasira, nawaambia kweli. Hasira yangu haikuwa kwa watu wa mjini, maana wao walimtetea mzee wao. Nilimkasirikia yeye. Neno moja kutoka kwake lingenirudishia kiti changu, na aliketi kwenye baraza lake akiwasikiliza wakinisema.

Tulikutana mara moja, kwenye kichochoro chembamba, kile ambacho lazima mmoja ajibanze ukutani ili mwenzake apite. Mimi ndimi niliyejibanza. Hakupita.

"Wasemaje huko?" akaniuliza.

"Wasema nimekutoa ili nilete bastola."

Akatazama chini. "Nami sijawakanya."

"Najua."

"Nikifungua mdomo wataniuliza sababu." Alikuwa amezeeka sana kwa muda mfupi ule, mkono ameuficha ndani ya mfuko wa kanzu. "Wewe utasema?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni tangu langoni siku ile. Nikamtazama yule mtu aliyenifundisha kufunika visu.

"Sitasema, Mzee."

Akautoa mkono mfukoni akanishika wangu. Uliruka ndani ya kiganja changu kama ndege. Hakusema ahsante. Alisema, "Haya, mwanangu," akapita, na sikuongea naye tena.

Wachinjaji waliomfuata walikuwa vijana wazuri. Niliwafunza kunoa nje ya ukuta, na kutomwonyesha mnyama damu ya mwenzake, na shingo zikarudi kuwa na ukingo mmoja. Bastola haikuja. Ungedhani watu wangeona kwamba haikuja, wakajiuliza basi mzee aliondolewa kwa nini. Hawakujiuliza. Watu wakishakuwa na jibu, hawarudi kwenye swali.

Mzee alifariki miaka michache baadaye, nikiwa bado kazini. Nilisikia asubuhi mabucha yalipokawia kuchukua nyama. Nikavua koti, nikanawa mpaka viwiko, nikaenda. Katika mji ule jeneza halibebwi na watu maalumu. Kila mwanamume hukimbilia kuweka bega, hatua chache, kisha humpisha mwenzake, na jeneza huelea juu ya watu mpaka makaburini. Nilitembea pembeni. Kila nilipokaribia, bega la mtu mwingine lilikuwa limeshafika. Hakuna aliyenisukuma. Nafasi haikupatikana tu.

Baada ya mazishi nilisimama nje ya nyumba yao ambapo wanaume walikuwa wamekaa kwenye majamvi. Mwanawe mkubwa aliniona. Nitamwita Nassir. Alikuwa karani bandarini, mtu mpole, nilikuwa nikimjua tangu siku za benchi. Alinyanyuka akaja, na watu wakanyamaza ili wasikie.

"Bwana Mwadime," akasema, "mimi sitaki shari leo. Nataka kujua jambo moja. Babangu hakukanyaga kichinjio tena tangu siku ile. Alikaa akitazama ukuta mpaka Mungu alipomchukua. Tukimuuliza, alitwambia tusiulize. Alifanya kosa gani?"

Mbele ya watu wale wote, na wengine nilikuwa nimewapitishia nyama kwa miaka. Mzee alikuwa ardhini. Nani angeumia sasa? Hilo ndilo nililojiuliza, na nilijiuliza kwa uchungu, maana nilimwona muuza kahawa amekaa pale jamvini, na kando yake palikuwa na nafasi ya mtu.

"Babako hakufanya kosa lolote," nikamwambia.

"Lolote?"

"Sijaona mchinjaji aliye bora kuliko yeye."

"Basi ulimtoa bure."

"Ndiyo," nikasema. "Nilimtoa bure."

Akanipa mkono, kwa sababu ni mwana wa babake na mimi ni mgeni mlangoni kwao.

"Angalau umesema kweli," akaniambia, akarudi jamvini kwa watu wake.